Fiche kwa Nani? Lugha ya Mipangilio ya Faragha ya Vivinjari na Ufuatiliaji wa Kibiashara Mtandaoni

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna mipangilio ya faragha iliyomo katika vivinjari vya intaneti inavyouathiri, na mara nyingine isivyouathiri, ufuatiliaji unaofanywa kwa ajili ya matangazo ya biashara. Hoja inayojengwa ni kwamba jina la mpangilio ni kauli inayompa mtumiaji ahadi. Mashauri mawili makubwa yaliyotokea Marekani, mwaka 2012 na kati ya 2020 na 2024, yalihusu pengo baina ya kauli za namna hiyo na utendaji wa programu. Kauli za Kiswahili zilizomo katika vivinjari hivyohivyo husomwa na watumiaji wa Afrika Mashariki, lakini hazijachukuliwa na wasimamizi wa sheria za ukanda huu kuwa ni kauli zinazoweza kupimwa ukweli wake. Makala yanachunguza istilahi nne, yaani kidakuzi, washirika wengine, Usifuatilie na Hali fiche, kisha yanazihusisha na dhana ya ridhaa katika sheria za ulinzi wa taarifa binafsi.

Maneno muhimu: faragha, kivinjari, kidakuzi, ridhaa, istilahi

1. Utangulizi

Mwezi Juni 2020 watumiaji kadhaa wa kivinjari cha Chrome walifungua shauri dhidi ya Google katika mahakama ya shirikisho huko California. Madai yao yalikuwa kwamba walipotumia hali ya kuvinjari ambayo Chrome ya Kiswahili huiita Hali fiche, waliamini kuwa mwenendo wao haukuwa ukikusanywa na kampuni hiyo, ilhali zana zake za matangazo na za takwimu, zilizopandikizwa katika tovuti walizozitembelea, ziliendelea kupokea taarifa zao. Shauri hilo lilimalizika kwa maafikiano yaliyowekwa wazi mwezi Aprili 2024. Google ilikubali kufuta au kuondoa utambulisho katika mabilioni ya kumbukumbu, na ikakubali pia kubadili maneno. Ukurasa unaofunguka mtumiaji anapoingia katika hali hiyo sasa unamweleza kwamba hali hiyo haibadilishi namna tovuti anazozitembelea, na huduma zinazotumiwa na tovuti hizo, zikiwamo za Google yenyewe, zinavyokusanya taarifa.

Mtafiti wa lugha hawezi kulipita jambo hilo upesi. Sehemu ya suluhu ya shauri la teknolojia ilikuwa ni kuhariri matini. Programu ilifanya kile ilichoundwa kufanya, na mgogoro ukazaliwa katika sentensi zilizoieleza. Kwa hiyo ni halali kuuliza sentensi hizo zinasema nini zinapotokea kwa Kiswahili, na nani katika ukanda huu amepewa kazi ya kuzisoma.

2. Namna ufuatiliaji unavyofanyika

Kidakuzi ni faili dogo la maandishi ambalo tovuti hulihifadhi ndani ya kivinjari cha mgeni wake. Lilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli, mhandisi wa kampuni ya Netscape, kwa haja ya kawaida kabisa: tovuti haikuwa na njia ya kumkumbuka mtu kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine, hivyo duka la mtandaoni lisingeweza kujua mteja ameweka nini kapuni. Kidakuzi kilikuwa kama kile kibati cha namba apewacho mtu anapoacha mzigo mlangoni: mwenye duka hahitaji kumjua mteja kwa jina, namba inatosha.

Tatizo lilitokana na ukweli kwamba ukurasa mmoja wa tovuti haukusanywi kutoka mahali pamoja. Msomaji wa Mwanza anayefungua gazeti la mtandaoni huletewa habari kutoka kwenye seva ya gazeti, lakini nafasi ya tangazo iliyo pembeni hujazwa na seva ya kampuni nyingine kabisa. Seva hiyo nayo ina uwezo wa kuweka kidakuzi chake. Jioni msomaji huyo akifungua tovuti ya matokeo ya kandanda, na kampuni ileile ya matangazo ikawa na nafasi huko pia, namba ileile itatambuliwa. Kufikia mwisho wa juma kampuni ambayo msomaji hajawahi kuitembelea, na ambayo huenda hajawahi kulisikia jina lake, inajua amesoma nini, ameulizia dawa gani na anatafuta nyumba ya kupanga mtaa upi.

Hatari hiyo ilionekana mapema. Waraka wa kiufundi uitwao RFC 2109, uliotolewa Februari 1997 na ambao Montulli mwenyewe alikuwa mmoja wa waandishi wake wawili, ulitaka vivinjari visikubali vidakuzi vya namna hiyo bila mtumiaji kuchagua. Watengenezaji wa vivinjari vikubwa vya wakati huo hawakuufuata. Mengi yaliyofuata katika miaka karibu 30 ni juhudi za kurudi mahali ambapo waraka huo ulikuwa umeanzia.

Istilahi ya Kiswahili hapa inastahili sifa. Neno la Kiingereza kwa faili hili ni lilelile la biskuti, na wapo waandishi wa Kiswahili waliolitohoa na kuandika kuki. Neno kidakuzi, lililoenezwa na programu za Google, katika sikio la Mswahili linakaribiana sana na udaku na mdakuzi, yaani mtu apendaye kupekua mambo ya watu. Iwe aliyeliunda alikusudia hivyo au la, mtumiaji anayesoma "zuia vidakuzi" anapata fununu ambayo msomaji wa Kiingereza hapewi. Ni nadra tafsiri kuwa kweli kuliko matini chanzi.

Sifa hiyo haiwezi kutolewa kwa istilahi ya pili. Kampuni zisizo tovuti yenyewe, ambazo vidakuzi vyao ndivyo vyenye kuleta mashaka, huitwa washirika wengine. Mshirika katika Kiswahili ni mtu aliyeingia pamoja na wewe katika jambo na mwenye fungu lake ndani yake. Msomaji hana ushirika wowote na kampuni hizo. Mwenye ushirika nazo ni mwenye tovuti. Ajabu ni kwamba lugha yetu ina neno lililokwisha kukomaa mitaani: kila mwenye gari au pikipiki Tanzania anajua bima ya mtu wa tatu ni nini, na anajua kwamba mtu huyo wa tatu si ndugu wala mbia wake.

3. Kauli iliyogharimu dola milioni 22.5

Kivinjari cha Safari, cha kampuni ya Apple, kilitoka mwaka 2003 kikiwa kimekwisha kupangwa kuzuia sehemu kubwa ya vidakuzi vya watu wa tatu. Kulikuwa na mwanya: ikiwa mtumiaji ameshughulika na kampuni husika, kwa mfano kwa kuijazia fomu, kizuizi kiliondoka. Mwaka 2012 Jonathan Mayer, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, alionyesha kwamba matangazo ya Google yalikuwa yakituma fomu isiyoonekana, kana kwamba mtumiaji ndiye aliyeijaza, na kwa njia hiyo yakafungua mlango.

Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliishughulikia Google, na mwezi Agosti 2012 kampuni hiyo ikakubali kulipa dola milioni 22.5 bila kukiri kosa. Kinachofaa kuzingatiwa ni msingi wa adhabu hiyo. Marekani haikuwa na sheria ya jumla ya shirikisho iliyokataza kuweka kidakuzi. Google ilikuwa imefungwa na amri ya mwaka 2011, iliyotokana na huduma yake iliyoitwa Buzz, kwamba isitoe maelezo ya uongo kuhusu faragha. Katika ukurasa wake wa msaada ilikuwa imewaambia watumiaji wa Safari kwamba hawahitaji kufanya lolote, kwa kuwa mipangilio ya awali ya kivinjari hicho ingetoa matokeo sawa na kujiondoa katika ufuatiliaji. Ukurasa wa msaada, ambao kwa kawaida huandikwa kwa haraka na kusomwa na wachache, ndio uliobeba uzito wa kesi.

Tangu hapo vivinjari vimekwenda njia tofauti. Safari iliongeza kinga mwaka 2017 na kufikia Machi 2020 ikazuia kabisa vidakuzi vya watu wa tatu. Firefox ilianza kuzuia vidakuzi vya wafuatiliaji wanaojulikana kama mpangilio wa awali Septemba 2019, na Juni 2022 ikatoa kinga inayoweka vidakuzi vya kila tovuti katika chombo chake pekee. Chrome ilitangaza Januari 2020 kwamba ingeviondoa ndani ya miaka miwili. Tarehe ikasogezwa, ikasogezwa tena, na mwezi Julai 2024 mpango ukaachwa. Tofauti hii ina maana kubwa kwetu. Simu nyingi za Afrika Mashariki ni za Android na kivinjari kinachokuja nazo ni Chrome, hivyo mtumiaji wa hapa asiyegusa chochote amebaki katika hali ambayo mwenzake wa Safari hakuchaguliwa. Wengi hawagusi chochote. Isitoshe, kiungo kikifunguliwa ndani ya programu ya mtandao wa kijamii, mara nyingi ukurasa huonekana katika kivinjari kilichofichwa ndani ya programu hiyo, na mipangilio aliyoihangaikia mtu katika Chrome haimfuati huko.

4. Usifuatilie: amri isiyo na yambwa

Mwaka 2009 watafiti wa Marekani, miongoni mwao Christopher Soghoian na Sid Stamm, walibuni ishara ambayo kivinjari kingeituma kila kinapoomba ukurasa, kusema kwamba mtumiaji hataki kufuatiliwa. Firefox iliiweka mwaka 2011. Ishara haikuzuia chochote. Ilikuwa ni maneno tu, na nguvu yake ilitegemea hiari ya aliyeyapokea. Microsoft ilipotangaza mwaka 2012 kwamba kivinjari chake kingeituma bila mtumiaji kuulizwa, watangazaji walisema ishara ya namna hiyo si kauli ya mtu bali ni ya kampuni, na wakakataa kuiheshimu. Kikosi cha kimataifa kilichojaribu kuiwekea viwango kilivunjwa Januari 2019. Mwaka huohuo Apple iliiondoa katika Safari kwa sababu inayochekesha kidogo: ishara ya kuomba kutofuatiliwa ilikuwa yenyewe inaweza kutumiwa kumtambua mtu. Firefox nayo iliiondoa mwaka 2025.

Katika Chrome ya Kiswahili ishara hii ilipewa jina Usifuatilie, likitanguliwa na neno ombi. Neno ombi ni la haki, kwa kuwa linaonyesha kuwa aliyeombwa anaweza kukataa. Kitenzi ndicho chenye kasoro. Katika usinifuatilie, kiambishi -ni- kinamtaja anayefuatiliwa. Katika usifuatilie hayupo. Kwa mzungumzaji wa kawaida wa Tanzania au Kenya, kufuatilia pasipo yambwa ni kitendo cha heshima: mtu hufuatilia mafao, faili, cheti cha kuzaliwa, na anayeambiwa "usifuatilie" anaelewa kwamba ameshauriwa aache kuhangaika. Msomaji anaweza kwa haki kabisa kudhani kwamba yeye ndiye anayeambiwa. Kiambishi kimoja kingemaliza utata huo, na Kiswahili, tofauti na Kiingereza, kina nafasi yake tayari ndani ya kitenzi.

Kisichopaswa kusahaulika ni kwamba ishara iliyofanana nayo imepata nguvu mahali pengine. Global Privacy Control, iliyoanzishwa mwaka 2020, nayo ni maneno yanayotumwa na kivinjari, lakini sheria ya jimbo la California inazitaka biashara ziyatii. Agosti 2022 kampuni ya vipodozi ya Sephora ilikubali kulipa dola milioni 1.2 katika shauri ambalo moja ya madai yake lilikuwa kwamba haikuitii ishara hiyo. Kwa namna ya utendaji, ishara hizi mbili zinakaribiana mno. Kinachozitenganisha ni uwepo wa mtu mwenye mamlaka ya kuuliza kwa nini haikutiiwa.

5. Hali fiche na kitenzi kuficha

Hali fiche hufanya jambo moja kwa uhakika: mtumiaji akifunga dirisha, historia na vidakuzi vya kipindi hicho havibaki katika kifaa. Anayeshika simu baada yake haoni alikokuwa. Tangu 2020 Chrome pia imekuwa ikizuia vidakuzi vya watu wa tatu katika hali hiyo. Lakini anwani ya IP inaonekana kama kawaida. Mwajiri, shule au kampuni ya simu inayobeba mawasiliano inaweza kuona tovuti zilizoombwa. Na akiingia katika akaunti yake yoyote, amejitambulisha mwenyewe.

Sasa lizingatiwe neno. Kitenzi kuficha katika Kiswahili hukubali yambwa mbili: mtu humficha mwenzake jambo. "Amemficha mumewe barua" inasema kilichofichwa na aliyefichwa. Lugha imejaalia kuuliza swali ambalo mahakama ya California iliuliza kwa miaka minne: fiche kwa nani? Kivumishi fiche, kama kilivyo katika lugha fiche au maana fiche, hakina nafasi ya kulijibu. Kikiachwa peke yake, husomwa kuwa fiche kwa wote. Iwapo jina hilo lingekuwa kauli yenye kitenzi, kwa mfano "wafiche wanaotumia kifaa hiki", lingekuwa refu na lisilopendeza sokoni, lakini lingetaja mpaka wake. Si lazima jina lirefushwe. Inatosha sentensi ya kwanza chini yake iwe na yambwa zote mbili.

6. Lugha iliyochaguliwa kuwa alama ya utambulisho

Vidakuzi vinapozuiwa, wafuatiliaji hawakosi njia. Moja ni kukusanya sifa za kifaa: ukubwa wa kioo, aina za herufi, saa za eneo, toleo la programu. Kila sifa ni ya watu wengi, ila muungano wake huweza kuwa wa mtu mmoja. Mwaka 2010 Peter Eckersley wa shirika la Electronic Frontier Foundation alichapisha utafiti wa vivinjari zaidi ya 470,000 vilivyotembelea tovuti ya majaribio, asilimia 83.6 vilikuwa na muungano wa sifa ambao havikuuchangia na kingine.

Miongoni mwa sifa hizo ni lugha. Kila kivinjari kinapoomba ukurasa hutaja lugha ambazo mtumiaji anazipendelea, ili tovuti imhudumie kwa lugha yake. Hapa pana jambo ambalo wanaotetea Kiswahili katika teknolojia, na ni wengi katika makongamano ya aina hii, hawajalizungumza vya kutosha. Aliyeweka simu yake katika Kiswahili akiwa Dodoma anatoa sifa ambayo majirani zake wengi, waliobaki na Kiingereza kilichokuja na simu, hawaitoi. Mswahili wa Minneapolis au Oslo aliyefanya hivyohivyo yumo katika kundi dogo zaidi, kwa kuwa alama ya Kiswahili pamoja na saa za eneo lile ni muungano wa watu wachache. Kivinjari cha Tor, kilichoundwa kwa ajili ya faragha, humuuliza mtumiaji wa lugha nyingine kama angependa kurasa ziombwe kwa Kiingereza, ili asitofautike na wengine.

Basi anayetaka kuielewa mipangilio ya faragha kwa lugha yake analipa kwa sehemu ya faragha hiyo. Makala haya hayapendekezi kwamba Waswahili warudi kwenye Kiingereza. Kundi likiwa kubwa alama hupoteza makali, na kundi haliwi kubwa pasipo watu kuingia. Lakini ni haki kwamba wanaohimizwa waambiwe.

7. Ridhaa inayosomwa kwa lugha gani?

Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, Uganda yake mwaka huohuo, Rwanda mwaka 2021, na Tanzania ikatunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Ridhaa ni nguzo mojawapo katika sheria hizi. Sheria ya Kenya inataka ridhaa iliyo wazi, huru, mahususi na yenye ufahamu, inayotolewa kwa kauli au kwa kitendo cha dhahiri, na inamtwika mkusanyaji wa data mzigo wa kuthibitisha kwamba aliipata. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua Oktoba 2019, katika shauri la Planet49, kwamba kisanduku kilichokwisha kutiwa alama si ridhaa, kwa kuwa ukimya wa mtu hauonyeshi alichokielewa.

Hoja hiyo ikichukuliwa kwa uzito, swali la lugha haliepukiki. Ufahamu hupimwa kwa matini ambayo mtu aliisoma. Mtumiaji aliyebonyeza "Kubali zote" chini ya sentensi inayowataja washirika wengine ameridhia kile ambacho neno mshirika linamaanisha kwake, na masharti mengi ya huduma huongeza kwamba pakitokea tofauti, toleo la Kiingereza ndilo litakalofuatwa. Hili ni sawa na kumsomea mtu mkataba mmoja na kumtia sahihi katika mwingine. Haielekei kwamba sharti hilo linaweza kusimama mbele ya sheria inayotaka ridhaa yenye ufahamu, ingawa panahitajika mlalamikaji wa kulipima.

Mamlaka za kulishughulikia zipo, ila zimetengana. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania na Ofisi ya Kamishna wa Data ya Kenya husoma mifumo. BAKITA, BAKIZA na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, husoma istilahi. Hata jina la kitu chenyewe halijaafikiwa: Nairobi huitwa data, Dodoma taarifa binafsi. Istilahi za vivinjari zimeundwa nje ya asasi zote hizi, na baadhi, kama kidakuzi, zimeundwa vizuri. Kinachokosekana ni usomaji wa pamoja, ambapo mtaalamu wa mifumo anaeleza mpangilio unafanya nini, na mtaalamu wa lugha anaeleza sentensi imeahidi nini.

Kazi hiyo inaweza kuanza na kurasa chache mno. Chrome, Firefox na Opera kwa pamoja hazina skrini za faragha zinazozidi uwezo wa kikao cha siku mbili. Kila sentensi iandikwe katika safu moja, na utendaji wake katika safu ya pili. Panapokosekana yambwa, iulizwe ni nani. Panapotofautiana safu hizo mbili, mdhibiti ana barua ya kuandika, na katika barua hiyo sentensi ya Kiswahili inukuliwe kama ilivyo, bila kutafsiriwa kwanza.